Mezani mwanamke ni mimi peke yangu, na nyumbani sijasema kitu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, nimeolewa na tuna watoto wawili. Nacheza poka ya pesa kwa miaka saba sasa, mitatu ya mwisho kwenye meza za dau kubwa. Karibu kila usiku mwanamke ni mimi peke yangu. Wananiita mrembo, wananiuliza nimekuja na nani, mmoja aliwahi kunifundisha sheria za mchezo nikiwa nimeshamla mara mbili. Nimezoea. Mume wangu anajua nacheza, na miaka ya faida aliiona.*

*Miezi mitano iliyopita nilishika ree mbili, karata kubwa kuliko zote, nikasukuma mbele kila nilichokuwa nacho. Mwenzangu akafunua kumi mbili, na kumi ya tatu ikaanguka kwenye karata ya mwisho. Usiku ule na wiki zilizofuata nilipoteza akiba yetu ya nyumba na ada ya watoto ya muhula. Mume wangu hajui.*

*Sasa mchezaji mmoja wa pale mezani anataka kunidhamini: atoe mtaji, faida tugawane nusu kwa nusu. Dada yangu anasema mchezo huu haukuumbiwa wanawake na yaliyonipata ni ishara. Niache au niendelee? Na udhamini niukubali?*

*Ree Mbili*

Marahaba mwanangu.

Nianze na dada yako, maana hoja yake ndiyo nyepesi kuliko zote na sitaki ikukalie kichwani. Mwaka 1995 kule Las Vegas, watu 273 waliingia shindano kuu la dunia la poka, kila mmoja kwa dola 10,000. Barbara Enright alifika meza ya mwisho, ile ya wachezaji wachache wanaobaki, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Akashika nane mbili, akaweka kila alichonacho, na akaangushwa na mtu aliyekuwa na sita na tatu. Akatoka nafasi ya 5. Sita na tatu, mwanangu! Karata ambazo wewe ungezitupa bila kuziangalia mara ya pili. Kama karata ikikuvunja ni ishara, basi ile ilikuwa ishara kubwa kuliko yako. Mwaka uliofuata, 1996, alirudi akashinda bangili, tuzo ya washindi wa mashindano hayo ya dunia, katika shindano lililokuwa wazi kwa wote, na mwaka 2007 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa kwenye orodha ya heshima ya mchezo huo.

Tena si peke yake. Annette Obrestad wa Norway alichukua pauni milioni 1 jijini London mwaka 2007, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19. Jennifer Harman alikuwa akikaa kwenye meza ya Bellagio, kasino ya Las Vegas, ambako dau lilipanda kwa maelfu ya dola kila raundi, amezungukwa na wanaume walioogopwa dunia nzima, naye alishapandikizwa figo mara mbili. Ubongo unaohesabu uwezekano hauna jinsia. Mwambie dada yako hivyo, kwa upendo, kisha mfunge mjadala.

Sitakudanganya kwamba mlango uko wazi, lakini. Baada ya Enright ilipita miaka 30 kabla mwanamke mwingine hajakaa meza ya mwisho ya shindano lile: Leo Margets wa Hispania, Julai 2025, akamaliza wa 7. Lipo shindano la wanawake tangu 1977, na hata humo wanaume walikuwa wakijiandikisha, wengine kwa dhihaka tu. Sheria haikuruhusu kuwazuia, kwa hiyo tangu 2013 kiingilio kimeandikwa dola 10,000 kwa wote na wanawake wakapewa punguzo walipe 1,000. Fikiria kwamba ilibidi watafute ujanja wa bei ili wanawake wacheze siku moja kwa amani. Kwa hiyo unaponiambia umezoea kuitwa mrembo, nakuelewa, ila nasikitika kwamba umelazimika kuzoea. Anayekugusa au kukutukana mwite msimamizi wa meza papo hapo, kwa sauti ya kawaida, kila mara. Anayekudhania hujui, huyo mwache adhanie. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba yule mwalimu wako ulishamla mara mbili.

Haya. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuhusu wanaume wa mezani umeandika mistari mingi na mizuri, mpaka nilimwona yule bwana akikufundisha sheria. Halafu nikafika kwenye maneno matatu: mume wangu hajui. Hapo hukuongeza hata neno. Hukunieleza anaamini pesa iko wapi, wala ulimjibu nini alipouliza ada. Mtu anayehesabu karata kama wewe hasahau kueleza jambo. Anapolipita haraka, ni kwa sababu linaunguza.

Tutenganishe mambo mawili uliyoyafunga fungu moja. Ree mbili dhidi ya kumi mbili hushinda takriban mara 4 katika 5. Ulicheza sawasawa, ikakuangukia ile mara ya tano, na mchezaji yeyote wa miaka saba ameshazikwa na mara ya tano. Kwa karata zile huna la kujibu mbele ya mtu. Ninachokuuliza ni "wiki zilizofuata". Ulirudi kesho yake kwa sababu meza ilikuwa nzuri, au ulirudi kuidai pesa yako? Unalijua jibu. Kufukuzia hasara ndiko kunakommaliza mchezaji mzuri, maana ujuzi wake wote unabaki mlangoni: anafuata dau ambazo angezitupa, anapiga mkwara kwa watu wasiotishika, na akiangalia saa ni alfajiri.

Na ile pesa haikuwa ya mchezo. Wachezaji makini wa meza za pesa huweka pembeni mtaji unaotosha kuingia mezani mara 20 au 30, wengine zaidi, ili mwezi mbaya usiwaguse tumbo. Mtaji huo ukipungua, wanashuka meza ndogo bila kuona haya. Wewe mtaji ulipokwisha hukushuka. Ulifungua mfuko wa nyumba. Toka hapo ulikuwa unacheza na ada, na mtu anayecheza na ada hawezi kucheza vizuri, kwa sababu kila karata ina sura ya mtoto. Bado kasino inakata chake kwenye kila chungu, yaani ile pesa ya dau iliyorundikwa mezani. Ili ubaki na faida lazima uwazidi wenzako kwa kiasi kinachofidia na yale makato, na kwa hali uliyokuwa nayo miezi hii huwezi kuwa uliwazidi.

Kuna jambo nitakusimulia ambalo sikuwahi kuliandika hapa. Kaka yangu mkubwa alificha hasara ya karata kwa miaka miwili. Mkewe aligundua siku anafua, akakuta karatasi ya deni imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa koti. Alikuja kwangu na ile karatasi ikiwa bado mbichi. Nilitegemea alie kwa ajili ya pesa. Akaniuliza, "Wifi, kwa hiyo siku ile aliyosema amechoka, hakuwa amechoka?" Akaendelea hivyo jioni nzima, anarudi nyuma siku moja moja, anauliza ipi ilikuwa kweli. Pesa waliilipa, ikaisha. Zile siku hakuwahi kurudishiwa.

Mume wako bado hajaikuta hiyo karatasi. Kwa hiyo mwambie wewe, wiki hii, kabla hujanijibu. Chagua saa ambayo watoto wamelala na hakuna anayekimbilia kazini. Andika kwanza takwimu yote kwenye karatasi moja: kilichotoka akiba, kilichotoka ada, na kama umekopa, kwa nani na kiasi gani. Usipunguze hata kidogo, kwa sababu kiasi utakachokificha leo kitageuka kuwa uongo wa pili, na huo haupokelewi kama wa kwanza. Usianze na ree mbili. Najua utatamani kuanza nazo, maana ndiyo sehemu ambayo huna kosa. Anza na pesa: "Nimepoteza kiasi hiki, nimekuficha miezi mitano." Kisha nyamaza. Akikasirika, ana haki ya kukasirika, na usimjibu kwa faida za miaka iliyopita. Mkabidhi usimamizi wa akaunti ya nyumba kwa muda, bila kuombwa.

Kuhusu udhamini, jibu langu ni hapana, na nitakueleza kwa nini, maana biashara yenyewe si haramu. Wachezaji wengi wakubwa huuza hisa za mchezo wao au hubebwa na mdhamini, na nusu kwa nusu ni mgawo wa kawaida. Ila uliza hasara inakwendaje. Kwa desturi ya mikataba hii, mdhamini akikupa kumi ukazipoteza, zinaandikwa. Ukishinda, kwanza unazifidia zile zote zilizoandikwa, ndipo kinachozidi mnagawana. Maana yake unaweza kushinda miezi miwili mfululizo usipeleke nyumbani hata senti. Ukitaka kuondoka, deni lile ndilo linalokushika mkono. Mwanamke mwenye siri nyumbani, mwenye deni kwa mwanaume wa mezani, anayekaa naye meza moja usiku kucha: utapokea ujumbe wake saa nane za usiku na hutakuwa na uhuru wa kutojibu. Simjui, huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini amekuja na mtaji wakati huu ambapo umeanguka. Na wachezaji wawili wanaogawana pesa kukaa meza moja bila wenzao kujua ni jambo linalokaribia wizi, hata kama hamjanong'onezana. Jina lako ulilolijenga miaka saba litachafuka kwa usiku mmoja.

Uliuliza uache au uendelee. Nakuomba usimame kwanza, si kwa wiki. Simama mpaka ada na akiba zirudi kwa pesa ya kazi nyingine, si ya karata. Najua hilo linakuuma, kwa sababu karata ndizo unazozijua. Katika muda huo tafuta yale maswali 20 ya chama cha Gamblers Anonymous, kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1957. Yanauliza kama umewahi kurudi haraka kuokoa ulichopoteza, kama umecheza mpaka senti ya mwisho, kama kamari imeifanya nyumba yako ikose raha. Wenyewe wanasema mtu aliyenaswa kwa kawaida hujibu ndiyo kwa 7 au zaidi. Yajibu mbele ya mume wako, kwa kalamu. Zikifika 7, mwanangu, swali la kuendelea limekwisha, na utafute watu wa kukushika mkono, maana hapo si suala la kucheza vizuri au vibaya tena. Ukijiona hata kusimama mwezi mmoja kunakushinda, usingoje kufika swali la mwisho.

Zisipofika, na siku moja mkaamua wawili kwamba utarudi, rudi meza ndogo, kwa pesa ambayo mume wako anaijua hadi shilingi, na daftari ambalo kila usiku umeandikwa: umeingia na nini, umetoka na nini, umekaa kwa saa ngapi. Naye awe huru kulifungua siku yoyote. Na kama utaona huna hamu tena, ondoka bila kujiona umeshindwa. Vanessa Selbst alishinda bangili tatu na zaidi ya dola milioni 11, akatangaza siku ya mwisho ya mwaka 2017 kwamba anaacha poka ya kulipwa, akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya uwekezaji. Hakuna aliyemwambia mchezo umemshinda. Dada yako atasema wewe umekushinda, mwache aseme.

Yule bwana wa mtaji mjibu leo, sentensi moja: nashukuru, sichezi kwa sasa. Halafu chukua karatasi uandike zile takwimu. Ukishaongea na mume wako niandikie tena, hata kama mambo yatakuwa yameharibika, hasa kama yatakuwa yameharibika.

Shangazi