Saratani ya mifupa, au saratani iliyofika mifupani?

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, anauliza: "Baba mkubwa alitibiwa saratani ya tezi dume. Sasa imeonekana kwenye uti wa mgongo, na ndugu wanasema ana kansa ya mifupa. Je, tuseme kansa au saratani?"

Semeni mpendavyo. Saratani tuliipokea kutoka Kiarabu na kansa kutoka Kiingereza, na asili ya yote mawili ni kaa yule wa baharini. Waliotarajia niigombeze kansa watanisamehe, kwani hasira yangu nimeiwekea akiba neno fupi zaidi, yaani hilo "ya" ambalo ndugu zako wamelipachika kabla ya mifupa.

Katika majina ya saratani, a-unganifu hutaja mahali ugonjwa ulipoanzia, si mahali ulipofika. Seli zilizoota katika uti wa mgongo wa mzee ni za tezi dume, na ndiyo maana kwa kawaida madaktari huendelea kuzikabili kwa dawa za kuzuia homoni inayozichochea, ingawa maumivu yako mgongoni. Mmakonde aliyehamia Kariakoo hageuki Mzaramo, hata akijenga ghorofa. Anayesema "kansa ya mifupa" amembebesha mzee ugonjwa wa pili ambao hana, na kuna jamaa watakaolia kwa huo wa pili kuliko wa kwanza.

Saratani iliyoanzia mfupani hasa ni adimu. Osteosakoma, kwa mfano, huwapata zaidi vijana ambao bado wanarefuka, na aghalabu huanzia karibu na goti, mwishoni mwa mfupa wa paja au juu ya muundi. Ikisambaa hukimbilia mapafuni, na hapo watu wale wale huiita kansa ya mapafu, kana kwamba kijana wa miaka 15 alikuwa mvuta sigara wa siku nyingi! Hata uvimbe wa mafuta, ambao si saratani, umepewa jina kwa seli za mafuta zilizouzaa, ingawa wenyewe umekaa begani.

Waambie ndugu waseme "saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi mifupani". Ni maneno marefu, najua, na katika kundi la WhatsApp la ukoo hakuna atakayeyaandika yote. Basi waandike "imefika mifupani", nami nitanyamaza.