Unataka kutafiti jeshi na jamii? Usianzie getini

Nilizunguka na bahasha ya kaki kwa miezi minne. Ndani yake mlikuwa na barua ya chuo, andiko langu la utafiti na dodoso la kurasa sita nililotaka lijazwe na askari 40 wa kambi moja ambayo sitaitaja. Getini nilipokewa vizuri kila mara: kiti chini ya mwarobaini, maji ya kunywa, na taarifa kwamba afande anayehusika amesafiri. Mwezi wa tano dodoso zikarudi zote, hata moja haikupotea. Nilifurahi kama nusu saa hivi, kisha nikaanza kuzifungua. Askari 40, maswali 22, na kila mmoja ametia vema kwenye "nakubali kabisa" kuanzia juu hadi chini. Hata swali la 14, ambalo nililigeuza makusudi ili mtu aliyesoma kwa makini alikatae, nalo walilikubali kabisa.

Kosa lilikuwa langu. Unampa mtu aliye chini ya amri karatasi iliyopita kwanza mezani kwa mkuu wake, halafu unategemea akwambie nini?

Tangu nimalize ile tasnifu, kila msimu wa kuandika maandiko ya utafiti hunijia inboksi wanafunzi wawili watatu wanaotaka mada ya "uhusiano wa jeshi na jamii", na karibu wote wana bahasha yao ya kaki. Ninawaambia hivi: getini utakuta jeshi, jamii hutaikuta hapo. Jamii iko ng'ambo ya barabara, inakaanga chapati.

Na sitanii. Mama anayeuza chapati mbele ya kambi kwa miaka 19 anajua mshahara umeingia lini, nani amehamishwa, nani ameacha deni, na ni kikosi gani kilirudi kutoka misheni ya nje na pesa za kujengea. Fundi cherehani anayepunguza suruali za askari naye anajua yake. Mwenye nyumba aliyempangisha koplo anajua zaidi, na mke wa koplo ndiye anayejua kuliko wote, ila ukitaka akuambie usiende na dodoso, nenda na muda. Hawa unawafikia kwa barua ya kawaida: chuo, ofisi ya mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Ni ngazi ndefu kidogo, lakini zinapandika.

Nikupe mfano. Agosti 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipowapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare za jeshi, nilikuwa fildi. Nilikuwa nimekaa na muuza mtumba mmoja kwenye benchi lake. Alikuwa na suruali tano za mabaka. Akazitoa kwenye rundo moja moja, akazikunja vizuri kama anayefunga zawadi, akaishika ya mwisho juu: ya mtoto wa miaka sita, ina mfuko wenye picha ya katuni. "Na hii nayo, dada yangu?" Nikamwambia sijui. Akaiweka pamoja na zile nyingine. "Bora niulizwe kwa nini nimeleta kuliko kwa nini nimebaki nayo."

Sentensi hiyo ina sura nzima ya tasnifu. Lakini lililonigusa zaidi lilikuja baadaye, tulipokuwa tunaongea mengine. Kumbe yeye na jeshi ni washirika wa biashara wa miaka mingi. Tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa vijana wa kidato cha sita likitoka, lina orodha ya vifaa: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka za bluu bahari. Wiki hizo mbili tatu ndizo zinazomlipia ada ya wanawe. Mtu huyohuyo anaogopa sare na anakula kwa sare. Dodoso langu la kurasa sita halikuwa na kisanduku cha kuliweka jambo hilo.

Sasa nije kwenye maneno, maana hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi na ndipo ningependa wewe usipoteze. Kwa Kiswahili tunalo neno moja, raia, tunalolitwisha mizigo miwili. Raia ni mwenye nchi yake, mwenye uraia. Raia pia ni yule asiye askari. Kwa maana ya kwanza sajenti ni raia kama mimi. Kwa maana ya pili si raia, na ndiyo maana utamsikia akisema "nikirudi uraiani" utadhani uraiani ni mkoa mwingine wenye basi lake. Na hapohapo jeshi lenyewe linaitwa Jeshi la Wananchi.

Swali langu la 9 lilikuwa: "Je, uhusiano kati ya askari na raia ni mzuri?" Mzee mmoja mstaafu, aliyepigana vita vya Kagera, alivaa miwani akalisoma, akanirudishia karatasi. "Binti, swali lako lina kasoro. Unaniuliza uhusiano wangu na mimi mwenyewe." Nilidhani ananichezea shere. Hakuwa ananichezea. Aliniambia kwamba mwaka 1978, Mwalimu Nyerere aliposema sababu ya kumpiga Idi Amin wa Uganda tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, ile "tu" iliwahusu wote: waliovaa magwanda na waliochanga ng'ombe. Mgambo kutoka vijijini waliingia vitani kwa maelfu, wakarudi kulima. Sasa huyo, aliniuliza, umweke upande gani wa swali lako?

Nililifuta swali la 9. Badala yake nikaanza kuuliza vitu vidogo. Ukitoka kambini jioni unaenda wapi? Duka gani linakukopesha? Ukioa, mahari ilipandishwa au ilipunguzwa waliposikia wewe ni askari? Hili la mahari liliwafungua watu vinywa kuliko maswali yote.

Kwenye nadharia nitapita haraka, lakini usipitwe na hili. Sura yangu ya pili niliijaza Samuel Huntington, msomi wa Kimarekani. Mwaka 1957 alisema njia ya uhakika ya kulidhibiti jeshi ni kuliacha liwe la kitaalamu na kulitenga na siasa. Miaka mitatu baadaye Morris Janowitz akaona askari hawezi kukatwa na jamii iliyomzaa. Vizuri. Lakini ukiwachukua hao wawili ukaivika Tanzania bila kupima, kombati inapwaya.

Tazama. Tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Waliwakamata maofisa wao Waingereza wakadai nyongeza ya mshahara na vyeo kwa Waafrika. Tabora nako kukawaka. Kabla wiki haijaisha moto ulikuwa umefika Jinja kule Uganda na Lanet kule Kenya. Serikali ya nchi iliyopata uhuru 1961 ikalazimika kumwomba msaada mkoloni wa juzi, na tarehe 25 makomandoo wa Kiingereza wakashuka kuwanyang'anya askari wetu silaha. Jeshi lile likavunjwa. JWTZ ikazaliwa 1 Septemba mwaka huohuo.

Kilichofuata ni kinyume cha Huntington. Badala ya kulitenga jeshi na siasa, Mwalimu aliliingiza ndani ya siasa. Vijana wa kuandikishwa walitafutwa kwenye Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, na JKT, iliyokuwa imeanzishwa Julai 1963. Chama kikafungua matawi kambini. Ikaendelea hivyo hadi vyama vingi viliporudi 1992, na leo Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, ingawa kupiga kura anaruhusiwa. Kambi ya Colito ikaitwa Lugalo. Colito ni mahali huko Ethiopia ambako askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) walipigana mwaka 1941 chini ya bendera ya Uingereza. Lugalo ni mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Mjerumani Zelewski mwezi Agosti 1891. Leo mtu anakwambia "nampeleka mama Lugalo" akiwa na maana ya hospitali ya jeshi, ambako raia nao hutibiwa, na wala hawazi Mkwawa wala Keya.

Aliyenikwamua ni Rebecca Schiff, aliyeandika miaka ya 1990, kwa sababu mchoro wake una pembe tatu: jeshi, wanasiasa, na wananchi. Ile pembe ya tatu ndiyo mama wa chapati. Msimamizi wangu alinyamaza kidogo nilipomwambia hivyo, kisha akasema niandike, ila nisiandike "mama wa chapati". Niliandika.

Angalizo: usije ukaandika historia tamu mno. Kuna kishawishi, hasa kwa sisi tuliopita JKT. Mimi nilikwenda kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, nikaitwa kuruta, nikaimba mchakamchaka alfajiri, na mpaka leo nikisikia "afande" mgongo unanyooka wenyewe. Nilidhani hiyo ingenisaidia. Ilinisaidia kufungua mazungumzo, ikaniziba masikio pia, kwa kuwa nilikuwa tayari najua jibu ninalolitaka. Kwa hiyo jilazimishe kuwatafuta wasioipenda. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga utumishi wa lazima, ambao ungewakata sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kujikata yeye mwenyewe asilimia 20 ya mshahara. Hadithi hii husimuliwa kwa nusu: wengine hukumbuka kufukuzwa tu, wengine mshahara tu. Muulize mtu anakumbuka nusu ipi, utajua mengi kumhusu. Utumishi huo wa lazima ulisimamishwa 1994, ukarudi 2013, na anayekosekana kwenye tasnifu yangu ni kijana wa miaka ile ya katikati. Sikumfuatilia, na naona haya.

Kuhusu sheria sitasema mengi. Soma Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 kabla hujatoka nyumbani, si baada. Mimi nilipiga picha ya kibao cha barabarani karibu na eneo ambalo sikulijua, nikitaka iwe jalada la tasnifu, nikakaa kwenye benchi kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni. Sikuguswa wala sikutukanwa. Picha ilifutwa, nikaulizwa mara sita nasoma nini, na mara ya sita hata mimi sikuwa na hakika. Idadi ya watu, silaha, ratiba za lindo: hayo huyahitaji. Mtu akianza kukusimulia, mwombe kwa adabu abadilishe mada, na usiandike.

Vitu vingi vimeshawekwa wazi tayari. Kumbukumbu za Bunge zinasomeka mtandaoni. Tafuta makadirio ya wizara ya ulinzi na usome maswali ya wabunge kuhusu mipaka ya kambi na fidia, utapata wilaya na vijiji. Magazeti ya zamani yapo maktaba. Na kuna matukio ambayo kila mtu ana la kusema bila kuogopa: Novemba 2018 wanajeshi kupewa kazi ya kusomba korosho Mtwara na Lindi, au ule ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa na wanajeshi Mirerani kuzunguka migodi ya tanzanite. Muulize mkulima wa korosho alionaje lori la jeshi kwenye ghala, kisha nyamaza.

Kunyamaza kwenyewe ni kazi. Yule mzee wa Kagera, siku ya kwanza niliweka simu mezani nirekodi. Akajinyoosha kitini, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaniongelea dakika 50 kama anasoma taarifa ya habari. Siku ya pili nilikuja bila kurekodi, na daftari tu. Mkewe akaleta kahawa na kashata. Mzee akanisimulia mwenzake waliyekula naye sahani moja Masaka, Uganda, na kiatu cha mwenzake huyo alichorudi nacho yeye kwa sababu chake kilikuwa kimechanika. Alipomaliza nilimwuliza, naweza kuliandika hili? Akafikiri. Akasema niandike, lakini nisitaje jina la marehemu, kwa kuwa wanawe wapo.

Niliahidi kuficha majina ya wote, na kamati ya maadili ilitaka hivyohivyo. Mzee nikamwita Mzee Sita.

Tasnifu ilipotoka nilimpelekea nakala. Usiache kufanya hili, hata kama nauli ni yako. Alivaa miwani, akatafuta kurasa zake kwa kidole, akasoma taratibu mdomo ukicheza. "Mwenzangu umemficha, vizuri. Mimi umenificha wa nini?" Nikamweleza habari ya kamati. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia pia kwamba kitabu kimeshafungwa jalada gumu, hakibadilishiki tena.

Aliomba kalamu. Kwenye ukurasa wa 63 akakata "Mzee Sita" kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika namba yake ya jeshi, kisha jina, majina yote matatu.