Mkuu, usimtoe huyo mama kwenye taarifa ya saa mbili usiku

Mkuu, swali lako limenikwama kooni tangu asubuhi. Unasema kituo chenu cha kebo hapo Lindi kinajipanga upya, unauliza mnunue kamera gani na leseni ya kurusha mtandaoni inapatikana vipi. Halafu mstari wa mwisho, kama jambo dogo tu, unatuambia mmeshakubaliana kumwondoa mama anayesoma habari saa mbili usiku na kumweka kijana, "maana watazamaji wa sasa ni vijana". Hayo ya kamera yaache kwanza. Hapo mwisho ndipo kituo chenu kinakwenda kufia.

Nilikuwa chumba cha habari cha kituo kimoja kidogo hapa Mtwara jambo hilohilo lilipofanyika kwa mama aliyekuwa anatusomea habari za saa mbili. Menejimenti ilimleta mshauri kutoka Dar. Alikuja na michoro ya marika, akatueleza kwamba Marekani habari za televisheni huuzwa kwa wenye matangazo kwa kuhesabu watazamaji wa miaka 25 hadi 54. Ni kweli, huko huuzwa hivyo. Lakini kwa siku zote alizokaa hotelini kwa hela ya kituo, hakuuliza hata mara moja nani hapa ana mikorosho.

Maana hela ya matangazo huku Kusini inatoka wapi? Ni duka la mabati, muuza salfa na mabomba ya kupulizia, muuza pikipiki, muuza magodoro. Wote wanasubiri malipo ya korosho, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya mwenye shamba. Mkorosho unaishi miaka na miaka. Alioupanda babu leo uko kwa baba, kwa mjomba, kwa bibi. Kijana anapalilia na kuokota, lakini kwenye daftari la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, jina si lake. Hao wenye majina ndio waliokuwa wanakaa mbele ya mama yetu kila usiku. Mshauri aliwaita watazamaji wanaopotea. Mishahara yetu ilitoka kwao, na alikaa pale akituambia tuwasahau!

Sasa sikia huyo mama yetu wa Mtwara alivyokuwa anasoma bei za mnada wa korosho. Anaanza na chama kikuu cha ushirika, MAMCU au TANECU, anakwenda ghala, daraja la kwanza, daraja la pili, bei ya juu, bei ya chini. Akifika "kwa kilo" ananyamaza, anainua macho kutoka kwenye karatasi, halafu anairudia bei taratibu. Mshauri aliupima ule ukimya kwa saa yake ya mkononi, akasema ni muda unaopotea bure. Ndani ya ukimya ule mzee wa Chikongola alikuwa anaandika bei nyuma ya pakiti ya sigara ili ampigie shemeji yake Nanyamba. Mwaka 2018 wakulima walipogomea bei mnadani, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa Sh 3,300 kwa kilo, habari ilishazagaa kwenye simu kabla jua halijazama. Bado watu walisubiri saa mbili wamsikie yeye.

Mtu kama huyo ndiye waliyemwandikia barua, tena mwezi wa kumi, minada ndiyo kwanza inafunguliwa. Kijana aliyewekwa hana kosa, alikuwa na sauti nzuri na bidii. Aliambiwa aende haraka, akawekewa muziki chini ya bei. Usiku mmoja alisoma bei ya daraja la pili kama ya kwanza. Simu za kulalamika zilikuja, na hizo zilikuwa neema, kwa sababu baadaye hazikuja tena. Watu walihama kimyakimya. Saa mbili usiku ITV na TBC nao wanasoma habari, rimoti ni kubonyeza tu. Kule vijijini waliokuwa wanategemea kupigiwa simu na ndugu wa mjini wakabaki gizani, na kangomba, mlanguzi anayenunua korosho kimagendo, hapendi kitu kama mkulima asiyejua bei ya mnada. Mwenye duka la mabati alikuja mwenyewe ofisini, mzee mstaarabu, akasema tangazo lake lilikuwa linamfuata yule mama, basi akaliondoa. Wa salfa akafuata.

Na vijana je, walikuja? Hawakuja. Saa mbili usiku kijana yuko kijiweni au kibanda umiza anatazama mpira, na habari anaipata kwenye simu. Hakuikimbia televisheni kwa sababu ya umri wa msomaji, kwa hiyo sura ya mwenzake haimrudishi. Salim Kikeke alisoma Dira ya Dunia ya BBC akiwa mtu mzima kabisa, na vijana wa nchi hii walimfuata hadi mitandaoni. Hata sisi, vipande vilivyokuwa vinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijana wa hapa vilikuwa vya mama yuleyule, akisoma bei mbaya huku amekunja uso.

Kosa hili halijui nchi. Agosti 2022 CTV ya Kanada ilimwondoa Lisa LaFlamme, miaka 58, aliyekaa kituoni miaka 35 na tangu janga la korona alikuwa ameacha kupaka nywele rangi. Aliyewekwa alikuwa na miaka 39. Nchi iliwaka, hadi kampuni ya sabuni ya Dove ikageuza nembo yake kuwa ya kijivu.

Umetuwekea sensa ya 2022, kwamba nchi hii ni ya vijana. Ni kweli, zaidi ya watu 4 kati ya 10 wako chini ya miaka 15, na Lindi yenu ina watu 1,194,028. Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili hanunui mabati, na saa mbili usiku hashiki rimoti. Kabla hujagusa msomaji wa saa yoyote, jua nani ameshika rimoti saa hiyo na nani anamlipia. Pita nyumba za Mtanda na Mitwero jioni, ingia na salamu, utazame mwenyewe. Usisubiri mtu wa michoro.

Kijana wenu mpeni simu. Akate vipande vya mama, asome michezo saa kumi na mbili jioni, aende naye kwenye minada ya vyama vikuu vyenu, Lindi Mwambao na RUNALI, msimu mzima ajifunze madaraja. Baadaye wasome pamoja, watu wamzoee akiwa kando yake. Na kati ya Oktoba na Januari msibadilishe chochote kwenye saa mbili.

Leseni inatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilishabadilishwa, kwa hiyo usifuate ada zilizoandikwa kwenye nyuzi za zamani za mtandaoni, waulize wenyewe.

Hiyo barua ya kumwondoa mama wenu imeshatoka au bado? Kama iko kwa mhasibu inasubiri saini, nijibu leo hii, na mkurugenzi wenu akitaka kuongea na mtu aliyeyaona haya nitampigia mwenyewe.