Malkia wawili mkononi, mfalme mezani
Ndugu, kwenye ile poka ulipandisha tena dau ukiwa na malkia wawili, mchezaji mmoja akafuata. Poti (madau yaliyokusanyika mezani) 200, kila mmoja kabakiwa na 900. Zikafunguka karata tatu za mezani, za wote: mfalme, 7 na 2; ukaweka 200, akatupa karata. Dau lilizidi. Jozi ndogo unazozishinda zinakimbia, anabaki mwenye mfalme tu, au mwenye tatu za 7.

Weka 65. Akifuata, poti ni 330; karata ya nne ya mezani isipoleta jipya, pita, yaani usiweke dau. Naye akipita, ya tano weka 110 hivi, jozi ya 10 ikulipe.

Ungekuwa na ree na mfalme, ni mpango mwingine kabisa: 65, kisha 220 karata ya nne. Akifuata zote, poti inafika 770, umebakiwa na 615, unazisukuma zote karata ya mwisho.