Nguvu ngumu na nguvu laini: anayeanza somo aangalie nini

Katika mahusiano ya kimataifa, nguvu ngumu ni kumfanya mwingine akubali kwa hofu au malipo, na nguvu laini ni kumvuta hadi alitake jambo mwenyewe. Wengi wanaoanza somo hili hugawa vitu badala ya matendo: jeshi ni nguvu ngumu, muziki na ufadhili wa masomo ni nguvu laini, basi. Itazame manowari ya kubeba ndege, USS Abraham Lincoln. Mwaka 2003 ndege zake zilishambulia Iraq. Mwanzoni mwa 2005 ilikuwa karibu na Aceh, Indonesia, helikopta zake zikiwapelekea maji na chakula walionusurika tsunami. Meli ni ileile.

Ukipewa tukio la kuchambua, anza na sentensi moja: nani anamtaka nani afanye nini, na kabla ya lini. Kisha jiulize: huyo akikubali, ni kwa hofu, kwa malipo, au kwa sababu na yeye analitaka jambo hilo? Hofu na malipo vyote ni nguvu ngumu. Joseph Nye, msomi wa siasa wa Marekani aliyeanzisha istilahi ya nguvu laini mwaka 1990, aliibakiza kwenye mvuto tu, ingawa magazeti huita hivyo kila msaada.

Kwenye vitisho na vikwazo, tafuta mlango wa kutokea. Oktoba 1962 Marekani iliizingira Cuba kwa meli, ikaita hatua hiyo "karantini" kwa kuwa kuzingira bandari za nchi kisheria ni tendo la vita. Lakini Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti aliyekuwa amepeleka makombora Cuba, alipewa na pa kutokea: ahadi kwamba Cuba haitavamiwa na, kwa siri, kuondolewa kwa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Linganisha na Iraq. Azimio namba 661 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililoiwekea Iraq vikwazo, lilipita tarehe 6 Agosti 1990, siku 4 baada ya Iraq kuivamia Kuwait. Jeshi la Iraq lilitolewa Kuwait kwa vita, na vikwazo vikaendelea hadi 2003, vikiwaumiza raia kuliko watawala.

Nguvu laini ni ngumu zaidi kuipima, maana kazi yake huonekana pale inapokosekana. Usihesabu vituo vya utamaduni wala wanafunzi waliofadhiliwa. Hizo ni rasilimali, si matokeo. Tafuta uamuzi mmoja ambao kiongozi wa nchi nyingine alishindwa kuupitisha kwa sababu wananchi wake hawakutaka. Mfano mzuri ni tarehe 1 Machi 2003. Marekani iliomba kupitisha askari wapatao 62,000 Uturuki kuingia Iraq, na mezani kulikuwa na mabilioni ya dola. Umma wa Uturuki ulikuwa umeipinga vita hiyo kwa kishindo. Bungeni kura za ndiyo zilikuwa 264, za hapana 250, na wabunge 19 hawakuegemea upande wowote. Ndiyo walikuwa wengi, lakini zilihitajika 267, yaani zaidi ya nusu ya wabunge wote 533 waliokuwepo. Meli zilizobeba vifaa vya Divisheni ya 4 ya jeshi la Marekani, zilizokuwa zikisubiri nje ya pwani ya Uturuki, zikazungushwa kupitia Mfereji wa Suez hadi Kuwait.