Pwani na Mlima Havipewi Utabiri Mmoja

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayeongoza kikundi cha kuzima moto katika kijiji kimoja cha upande wa Lushoto. Aliniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Utabiri tunausikia kila jioni, lakini moto bado unatukuta hatujajiandaa. Wewe huwa unasoma nini ambacho sisi hatukisomi?" Marahaba, mwanangu. Nimeona nikujibu hapa ili na wenzako wanufaike, kwa sababu naamini kila anayesoma ukurasa huu anatamani kuwa yule ambaye kikundi hakitoki nyumbani kabla ya kusikia neno lake.

Sikusomea hali ya hewa. Nimekuwa karani hapa Tanga mjini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na niliingia katika shughuli hii kwa kuombwa nitunge ujumbe mfupi wa siku tatu kwa ajili ya vikundi vya vijiji, kuanzia Pangani na Mkinga ufukweni hadi Lushoto na Bumbuli juu ya Usambara. Kabla yangu, kilichosambazwa kilikuwa sentensi moja kwa mkoa mzima: mvua ipo au haipo, na joto la juu ni nyuzi kadhaa. Nilichofanya kwanza, na ninachojivunia hadi leo, ni kuukata ujumbe huo vipande viwili, cha pwani na cha mlimani, na baadaye nikaongeza cha tatu, ambacho ndicho kilichoniletea maneno.

Pwani tatizo ni saa. Usiku na alfajiri upepo hafifu hutoka bara kwenda baharini; jua likishapanda na ardhi ikapata joto kuliko maji, upepo wa bahari huingia, ukawa na nguvu zaidi kati ya saa saba na saa kumi alasiri. Mkulima wa Mkinga anayechoma mabua saa mbili asubuhi huuona moto ukielekea baharini kwa utulivu, akaridhika na kwenda kunywa chai. Ifikapo adhuhuri upepo umegeuka, na upande wa nyuma wa moto ule, ambao hakuna aliyekuwa akiulinda, ndio unaokuwa uso wake, ukielekea bara kwenye minazi na nyumba za makuti. Ni kweli kwamba upepo wa bahari huja na unyevu, na wapo wanaojifariji kwa hilo, lakini nyasi zilizokwisha kukauka haziusubiri unyevu uzifikie pale moto unaposukumwa kwa kasi. Wakati wa kusi, upepo wa msimu na ule wa bahari hushikana, na alasiri huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo ujumbe wangu wa pwani hautaji joto kwanza. Hutaja saa ambayo upepo utageuka na upande utakakoelekea.

Mlimani mambo ni mengine kabisa. Mchana hewa yenye joto hupanda mteremko, na moto hupenda kupanda nayo. Kanuni inayotumiwa na wazima moto katika nchi nyingi husema kwamba mteremko ukiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto huongezeka takriban maradufu. Ndiyo maana kikundi hakipangwi juu ya moto kwenye bonde lenye nyasi, hata kama huko juu ndiko kwenye njia nzuri. Usiku hewa baridi huteremka na kutuama bondeni, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika, kwani wanaona ukungu umefunika bonde na umande umelowesha viatu, wakadhani mlima mzima umelala. Sehemu ya katikati ya mteremko mara nyingi hubaki na joto na ukavu kuliko bondeni, na moto wa hapo huendelea kutambaa hadi asubuhi. Anayelinda miti ya Shume au kingo za msitu wa Magamba anahitaji kuambiwa habari za usiku, jambo ambalo utabiri wa jumla hauligusi.

Kipande cha tatu ni uwanda ulio nyuma ya milima, yaani Mombo, Mazinde na kuelekea Mkomazi. Usambara Mashariki hupokea unyevu wa bahari, na Amani ni kijani karibu mwaka mzima, lakini hewa ikishavuka milima na kuanza kuteremka upande wa pili hupata joto kwa takriban nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Hewa ile ile ikipanda joto kwa nyuzi 11 hivi, kiwango chake cha unyevu hushuka karibu kwa nusu. Tofauti ya mwinuko kati ya Lushoto na Mombo ni takriban mita 1,000. Kwa hiyo hewa ambayo Lushoto ina unyevu wa asilimia 60 inaweza kufika Mombo ikiwa na asilimia 30 au zaidi kidogo, bila wingu wala dalili yoyote ya kumshtua mtu. Dunia iliona ubaya wa upepo wa aina hiyo tarehe 8 Agosti 2023, pale upepo mkali na mkavu ulipoteremka kutoka milima ya kisiwa cha Maui huko Hawaii na kuusukuma moto hadi mji wa Lahaina ulio ufukweni, na watu zaidi ya 100 wakafa.

Niliyaeleza haya katika kikao cha maandalizi ya kiangazi. Msimamizi mmoja wa shamba kubwa aliinuka mbele ya watu akasema kwamba karani hafundishi watu upepo, na kwamba Mombo na Lushoto ni sehemu jirani zinazotazama jua moja. Watu walicheka. Sikujibu. Kiangazi hicho hicho niliandika kwamba siku ya Alhamisi, kuanzia saa nane mchana, uwanda wote wa nyuma ya milima usiwashe moto wowote, hata wa kuchoma takataka za mkonge. Shamba lile liliwasha. Vikundi vya vijiji jirani, vilivyokuwa vimekaa tayari kwa sababu ya ujumbe wangu, ndivyo vilivyouzuia moto usivuke barabara. Baadaye nilisikia ujumbe wa vipande vitatu ukisomwa katika kikao kingine kama utaratibu wa hapo, jina langu halikutajwa, na aliyekuwa akiusoma alikuwa bwana yule yule. Nasema nimesamehe, ingawa mke wangu husema kwamba mtu aliyesamehe hasimulii jambo mara nyingi kiasi hiki.

Turudi kwenye swali lako. Soma unyevu kwanza, kisha upepo, kisha joto. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa saa 24 pamoja na ule wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, wenye ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Usidhani kwamba siku isiyo na angalizo ni siku salama kwa moto. Angalizo la upepo mkali kwa kawaida huhusu upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, na linamfaa sana nahodha, ilhali kwako kilomita 30 zinatosha kuharibu mambo. Kipimo kinachokumbukwa kwa urahisi ni cha 30 tatu: joto juu ya nyuzi 30, unyevu chini ya asilimia 30, upepo zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Pwani yetu hufikisha joto na upepo lakini ni nadra kufikisha ukavu huo, na mlimani joto halifiki; kwa hiyo usisubiri zote tatu zitimie ndipo uite watu. Na unyevu usome wa saa nane mchana. Ule wa asubuhi hauna maana kwa kazi yetu, kwa sababu majani membamba na nyasi hubadilika kufuatana na hewa ndani ya saa moja hivi, na nyasi iliyolowa umande saa moja asubuhi huwa tayari kuwaka kabla ya mchana.

Wamarekani huigawa nchi yao katika maeneo ya kupeleka vikosi, kila eneo likapewa mtazamo wake wa siku saba, na huwa na angalizo la saa 12 hadi 72 kabla, likifuatwa na onyo la bendera nyekundu hali inapotarajiwa ndani ya saa 24. Sisi hatuna ndege za kumwaga maji, na kwa sababu hiyo hiyo tunahitaji mgawanyo huo kuliko wao. Vijana wa siku hizi mnapenda picha za rangi kwenye simu na kuzisambaza bila kuzisoma. Soma unyevu, uandike kwa kalamu, uandike na saa. Utabiri usiosema nani akae zamu na wapi ni habari ya redio tu.

Ujumbe wenyewe uwe hivi: "Kesho, pwani: upepo utageuka saa sita, kutoka bara kuwa wa kusini mashariki, kilomita 30 kwa saa. Asichome mtu baada ya saa tatu asubuhi, hata mwenye kibali. Mlimani: mchana moto utapanda, usiku katikati ya mteremko hakutapoa, zamu ya usiku ianze saa moja jioni. Uwanda wa nyuma: unyevu utafika asilimia 30 alasiri, hakuna kuwasha kabisa. Moto ukiwashinda, Zimamoto ni 114."

Kabla ya kuutuma, mpigie simu mtu aliye huko juu, umuulize ukungu uliondoka saa ngapi leo. Ukiwa umeondoka mapema kuliko jana, saa zako zote za mlimani ziandike mapema zaidi kwa kiasi hicho, kisha utume.