Maswali ya Wasomaji: Jiwe Tupu la Bristol na Wengine Waliosimamishwa Pale

SWALI: Habari za kazi kaka mhariri. Mdogo wangu anasoma Bristol kule Uingereza, kanitumia picha ya jiwe refu katikati ya mji, limejengwa vizuri na lina picha za shaba pembeni ila juu hakuna kitu. Anasema ndo pale sanamu ilipoangushwa. Ilikuwa ya nani?

JIBU: Asante dada yangu. Pale alikuwa anasimama Edward Colston, mfanyabiashara aliyezaliwa Bristol mwaka 1636 akafariki 1721. Mwaka 1680 alijiunga na Royal African Company, kampuni iliyopewa na mfalme haki ya peke yake ya biashara ya Waingereza pwani ya Afrika Magharibi, na mwaka 1689 akafika mpaka unaibu gavana wa kampuni. Inakadiriwa katika miaka aliyokuwa ndani yake kampuni ilivusha Waafrika kama 84,000 kwenda upande wa pili wa Atlantiki, na kama 19,000 kati yao hawakufika, walifia njiani. Watu walichomwa chuma cha moto wakatiwa alama ya kampuni mwilini. Alafu Colston akawa mtoaji mkubwa wa sadaka nyumbani kwao, shule, nyumba za wazee, makanisa, na mji ukachagua kukumbuka sadaka tu.

Sasa mimi naomba muangalie mwaka wa sanamu yenyewe. Ilisimamishwa 1895, yaani miaka 174 baada ya huyo mzee kuzikwa, na wakati huo Bunge la Uingereza lilishapiga marufuku biashara ya watumwa tangu 1807, kwa hiyo hakuna wa kutuambia eti enzi hizo watu walikuwa hawajui. Aliyeichonga, John Cassidy, hakuwahi kumuona Colston. Aliyeisukuma kazi ni mchapishaji mmoja wa vitabu wa mjini, na michango ilikuwa ya kusuasua, hela ya wananchi haikutimia mpaka mtu asiyejitaja jina akajazia. Lakini kibao walichobandika kinasema imesimamishwa na wananchi wa Bristol kumkumbuka mmoja wa wana wa mji huo wenye maadili na hekima kuliko wote! Hicho kibao ndo kinaniuma kuliko hata sanamu, kwa sababu shaba haisemi neno, kibao kinasema, na kilisema nusu tu kwa miaka 125.

Na msidhani watu waliamka siku moja wakaichukia. Malalamiko yalikuwepo miaka na miaka. Mwaka 2018 ikakubalika kiwekwe kibao cha pili cha kuueleza utumwa, wakaanza kuvutana maneno, huyu anataka hili lilegezwe huyu anataka lile litolewe, mwaka uliofuata kibao kikawa tayari na meya Marvin Rees, ambaye baba yake ni Mjamaika, akakizuia kwa sababu maneno yalishapunguzwa makali. Kwa hiyo tarehe 7 Juni 2020, kwenye maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi kule Marekani, watu wakaifunga kamba wakaivuta chini, wakaibiringisha mpaka bandarini wakaitosa majini.

SWALI: Mhariri mimi siungi mkono utumwa hata kidogo, lakini kuvunja sanamu si ndo kufuta historia? Watoto watajifunzia wapi?

JIBU: Swali zuri na nalichukua kwa uzito kwa sababu linaulizwa na watu wenye nia njema. Ila jiulize ndugu yangu, ile sanamu ikiwa imesimama ilimfundisha nani habari za zile meli za watumwa? Haikuwa na neno hata moja la utumwa. Mtoto akipita anaona mzee mwenye nywele ndefu kaegemea fimbo, anawaza.

Alafu sanamu yenyewe haijapotea. Siku nne baadae jiji liliitoa majini, na wakati wa kuisafisha wakakuta ndani yake jarida la mwaka 1895 limekunjwa, lina majina ya mafundi walioisimamisha yameandikwa kwa mkono. Bila ile siku hayo majina tungeyajuaje? Mwaka 2021 iliwekwa kwenye makumbusho ya M Shed, pale pale bandarini, imelazwa chali na rangi za waandamanaji bado ziko mwilini. Wakaulizwa watu, maoni kama 14,000 yakaingia, na wanne katika kila watano wakasema ikae makumbusho. Saivi iko pale kwa kudumu, pamoja na mabango ya ile siku. Hiyo kwangu ndo historia, kwa sababu unaona 1680 na 1895 na 2020 kwa pamoja, na maelezo yapo.

Waandamanaji wanne walishtakiwa kwa uharibifu wa ile sanamu, na Januari 2022 baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Najua hilo liliwagawa watu na bado linawagawa. Mimi ningependa zaidi jiji lingeitoa lenyewe mapema, kwa utaratibu, mchana kweupe, maana waliombwa vizuri muda mrefu sana na kuomba kwenyewe hakukuwafikisha popote.

Na lile jiwe liachwe. Kuna watu wanataka kuweka mtu mwingine juu haraka haraka, na msanii Marc Quinn alishafanya hivyo, Julai 2020 alfajiri akaweka sanamu ya Jen Reid, mama mweusi aliyepanda juu ya jiwe siku ya maandamano akainua ngumi. Jiji likaitoa siku iliyofuata kwa sababu hakuna aliyeomba ruhusa. Sanamu ilikuwa nzuri, sikatai, lakini uamuzi wa nani asimame katikati ya mji ulikuwa wa mtu mmoja tena, na hilo ndo kosa la 1895.

SWALI: Hivi Bristol kuna sanamu ya mtu mweusi ya halali, iliyowekwa na watu wenyewe?

JIBU: Zipo na zinastahili kutembelewa kuliko lile jiwe. Nenda mtaa wa St Pauls utaikuta ya Alfred Fagon, kichwa na mabega, kazi ya David Mutasa, iliwekwa 1987. Fagon alizaliwa Jamaika, akaja Uingereza 1955, akafanya kazi reli, akaingia jeshi, akawa fundi wa kuchomelea Bristol, alafu akawa mwandishi wa tamthilia na muigizaji. Mwaka 1986 moyo ulimsimama akiwa London, polisi wakasema wameshindwa kumtambua, akachomwa kama mtu asiye na ndugu wakati marafiki wapo na kazi zake zinajulikana. Kwa hiyo ile sanamu, iliyozinduliwa mwaka mmoja kamili baada ya kifo chake, ni majirani na marafiki kumrudishia jina lake. Juni 2020, siku chache baada ya Colston kuanguka, mtu aliimwagia kemikali. Inauma sana.

Kuna Henrietta Lacks pia, kwenye eneo la chuo kikuu cha Bristol, tangu 2021. Ni yule mama wa Marekani ambaye seli zake zilichukuliwa 1951 bila ridhaa yake na mpaka leo zinatumika kwenye tafiti za dawa na chanjo. Aliyemchonga ni Helen Wilson-Roe, mwanamke mweusi wa hapo hapo Bristol.

Na Pero. Huyu hana sanamu, ana daraja la waenda kwa miguu bandarini, lina pembe mbili kubwa kama tarumbeta ambazo ndo uzito wa kulinyanyulia boti zikipita. Lilifunguliwa 1999. Pero Jones alikuwa mtumwa kutoka kisiwa cha Nevis, alinunuliwa akiwa mtoto wa miaka 12 na John Pinney mwenye mashamba ya miwa, akaletwa Bristol kumtumikia mpaka akafa 1798. Sanamu ya Colston ilitoswa karibu kabisa na daraja hilo. Wapenzi wamekuwa wakifunga makufuli kwenye waya zake, na natamani wangekuwa wanasoma kwanza jina la daraja.

SWALI: Nitapita Bristol siku moja tu na watoto. Niwapeleke wapi?

JIBU: Anzia kwenye jiwe la Colston, ni mwendo mfupi kwa miguu mpaka daraja la Pero, alafu M Shed, haina kiingilio. Ukirudi pitia College Green uone sanamu ya Raja Rammohun Roy, mwanamageuzi wa Kihindi aliyepigania wajane wasichomwe na maiti za waume zao, alifia Bristol 1833. Ukipata nafasi panda mpaka Great George Street, nyumba ya Pinney ni makumbusho saivi, Pero aliishi humo, ila angalia kwanza siku wanazofungua maana hawafungui mwaka mzima. St Pauls kwa Fagon iko upande mwingine, watoto wakichoka panda basi.